Oili Nyuma ya Injini: Kisa cha Gasketi ya Kava ya Tapeti Iliyosingiziwa Oili Sili

Gari linalozungumziwa hapa ni Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, silinda 4, mali ya shemeji yangu anayeishi Tabata na kwenda kazini Posta siku tano za wiki. Aliponiletea mwezi Februari, wakati joto la Dar es Salaam linapokuwa halina huruma, alikuwa na malalamiko matatu: harufu ya mafuta yaliyoungua iliyoingia ndani ya gari kila aliposimama kwenye foleni, madoa ya oili mahali alipolaza gari, na injini kutetemeka asubuhi kwa dakika moja au mbili kabla ya kutulia. Katika muda wa wiki tano oili ilikuwa imeshuka kwenye kijiti kutoka alama ya juu hadi karibu na alama ya chini, ingawa eksozi haikutoa moshi wa bluu. Harufu yenyewe aliieleza kwa usahihi ambao ningependa wenye magari wote wawe nao: "Shemeji, inanuka kama kikaango cha chipsi ambacho mafuta yake hayajabadilishwa tangu juzi."

Gereji aliyokuwa akiitumia ilikwisha kutoa hukumu. Fundi aliinua gari, akamulika chini, akaona oili ikichuruzika pale injini inapoungana na gia boksi, akasema kuwa oili sili ya nyuma ya kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekwisha. Sili hiyo ni pete ya raba isiyo na bei kubwa, lakini ili kuifikia ni lazima gia boksi ishushwe, na hapo ndipo gharama inapokuwa nzito, kwa sababu mwenye gari analipia kazi ya siku nzima au zaidi kwa ajili ya kipande kinachotosha kiganjani. Shemeji aliomba muda wa kutafuta fedha, na katika muda huo akapita kwangu.

Fundi hakuwa mjinga. Oili inayovuja juu ya injini hushuka ikifuata ukuta wa bloku, husukumwa nyuma na upepo gari linapotembea, kisha hukusanyika mahali pa chini kabisa kabla ya kudondoka. Mahali hapo, mara nyingi, ni ule mshono wa injini na gia boksi. Anayetazama kwa chini huona mwisho wa safari ya oili, na mwisho wa safari hufanana, oili iwe imetoka kwenye sili ya kranki au imetoka kwenye kava ya tapeti, yaani kile kifuniko cha juu kinachofunika kemshafti (mhimili unaofungua vali) na vali zenyewe. Zaidi ya hapo, fundi alikuwa na sababu ya kutoitazama kava: gasketi yake, yaani raba ya kuziba mshono wake, ilikuwa imebadilishwa miezi saba tu kabla, katika gereji hiyo hiyo. Kwa mawazo yake sehemu ya juu ilikuwa imekwisha kushughulikiwa.

Hilo ndilo lililonifanya nisite. Gasketi ya raba ya kava ya tapeti, ikiwa nzuri na imefungwa vizuri, hudumu miaka mingi. Ikiwa imevuja baada ya miezi saba, kuna jambo jingine nyuma yake, na kufunga mpya bila kulijua jambo hilo ni kununua miezi saba mingine.

Tulianza kwa kuosha, kwa sababu injini iliyokwisha kulowa oili na kushika vumbi haiwezi kutoa ushahidi wowote. Nilifunika koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na soketi za umeme kwa mfuko wa nailoni (wa zamani, uliosalia stoo tangu kabla ya katazo la mifuko hiyo la Juni 2019), nikapaka mafuta ya taa kwa brashi sehemu ya nyuma na ubavuni, nikasuuza kwa maji kidogo yasiyo na presha, nikaacha gari juani hadi pakauka kabisa. Baada ya hapo nilipuliza poda ya mtoto kuzunguka ukingo wote wa kava, kwenye mshono wa kifuniko cha cheni, na chini kwenye mshono wa gia boksi. Poda ikishika kwenye chuma kikavu hubaki nyeupe. Tone la oili likiigusa hugeuka kijivu cha maji na kuacha mstari unaoonyesha lilikoanzia. Shemeji alikwenda Posta na kurudi, foleni ya Barabara ya Mandela ikiwemo, na jioni tukafungua boneti.

Mshono wa gia boksi ulikuwa mweupe kama tulivyouacha. Mstari wa kijivu ulianzia kwenye kona ya nyuma ya kava, upande wa gia boksi, ukashuka wima kwa urefu wa kidole kisha ukajipinda kuelekea kwenye eksozi, na hapo poda ilikuwa imeungua na kuwa kahawia. Harufu ya chipsi ilikuwa imepata maelezo. Oili ikidondokea manifodi ya eksozi (mabomba yake ya mwanzo yenye moto) hufuka, na gari linapokuwa limesimama bila upepo wa kusukuma moshi huo nje, feni ya ndani huuvuta na kuuingiza kwa abiria. Moshi huo ni karaha, lakini kwenye eksozi yenye moto mkali oili nyingi inaweza pia kuwaka, kwa hiyo jambo lenyewe si la kuahirisha hadi mwisho wa mwaka.

Kutetemeka kwa asubuhi kulihitaji uchunguzi wake. Injini hii ina koili moja juu ya kila plagi, na kila plagi imekaa ndani ya tundu refu linalopita katikati ya kava. Raba za duara zinazozunguka matundu hayo zikichoka, oili ya kwenye kemshafti hujipenyeza na kujaa taratibu ndani ya tundu. Nilichomoa koili moja moja. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilikuwa kavu. Ya pili ilitoka kwa sauti ya kunyonya, kama mguu unaochomoka kwenye tope, na raba yake ya chini ilikuwa imevimba na kulainika hadi kidole kikiibonyeza ilibaki na alama. Raba ikiwa katika hali hiyo, umeme wa koili hupata njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha injini badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, na silinda hiyo humisi, yaani hukosa kuwaka, hasa injini ikiwa ya baridi. Kipimo cha kompyuta kilikuwa na kodi ya hitilafu P0302, ambayo maana yake ni kumisi kwa silinda ya pili, na hiyo ilikubaliana na nilichokiona kwa macho.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona likifanywa zaidi ya mara moja. Mtu huchomoa plagi, anaiona imelowa oili, anatangaza kwamba ringi za pistoni (pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda) zimekwisha na injini inataka kufunguliwa yote. Swali la kujiuliza ni oili iko upande gani wa plagi. Ikiwa imelowa sehemu ya juu, kwenye kauri nyeupe na kwenye kichwa cha kushikia spana, oili imetoka kwenye tundu na kosa ni la raba za kava. Ikiwa imelowa ncha inayoingia ndani ya silinda, hapo ndipo ringi au sili za vali zinapaswa kuogopwa. Plagi ya pili ya shemeji ilikuwa na ncha kavu ya rangi ya kahawia hafifu, jambo jema kuliko yote tuliyoyaona wiki hiyo. Kabla ya kuifungua nilinyonya oili iliyokuwa ndani ya tundu kwa sirinji ya duka la dawa iliyofungwa mrija mwembamba, kisha nikamalizia kwa tambara lililozungushwa kwenye bisibisi, kwa kuwa plagi ikifunguliwa kabla ya hapo oili yote pamoja na mchanga wake huangukia ndani ya silinda.

Kwa nini basi gasketi ya miezi saba ilishindwa? Nilikuwa na dhana mbili, na ya kwanza niliweza kuipima kabla ya kufungua bolti hata moja. Katika kila injini kuna gesi zinazopenya kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuingia chini kwenye sampu, lile beseni la oili. Gesi hizo zinapaswa kutolewa na vali ndogo, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake, PCV, na kurudishwa kwenye manifodi ya hewa zikaungue. Vali hiyo ikiziba, presha hujijenga ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni penye raba dhaifu kuliko zote. Niliifungua ile ya IST, iliyokaa juu ya kava, nikaitikisa karibu na sikio. Vali nzima hulia kidogo kwa sababu kuna kipande kinachocheza ndani yake. Hii ilikuwa kimya. Nilipuliza upande wa injini, ambako hewa ilipaswa kupita kwa urahisi, nikapata upinzani kama ninayepuliza chupa. Ilikuwa imejaa utomvu mweusi mgumu, wa aina inayojengeka pale oili inapokaa muda mrefu kupita kiasi bila kubadilishwa kwenye gari la safari fupi na foleni ndefu. Kwa uhakika zaidi niliwasha injini na kufungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke ulikuwepo, lakini haukupiga kwa nguvu kama wa injini iliyochoka ringi. Nikajiridhisha kwamba presha ilitokana na vali iliyoziba.

Dhana ya pili ilihusu mkono wa aliyeifunga gasketi, na hiyo ilisubiri kava ifunguliwe.

Vipuri tulinunua eneo la Gerezani: seti ya gasketi pamoja na raba za matundu ya plagi, vali mpya ya PCV na tyubu ndogo ya silikoni. Muuzaji alitoa gasketi mbili akauliza, "Bosi, unataka jenyuini au ya kawaida?" Nilizikunja zote mbili na kuziachia. Moja ilirudi kwenye umbo lake papo hapo. Nyingine ilirudi kwa uvivu na ilikuwa na kingo za ukalibu zisizokatwa vizuri. Tulichukua ya kwanza, na bado bei yake ilikuwa chini ya ile ya galoni ya oili. Kwa kazi ambayo ugumu wake wote uko kwenye kufungua na kufunga, kubana matumizi kwenye raba yenyewe sioni maana yake.

Tulifanya kazi Jumapili alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Uwanja wa nyumba za Tabata ni mchanga, na kava ikishafunguliwa kemshafti huwa wazi, kwa hiyo nilimwagia maji chini kutuliza vumbi na kuweka kanga safi tayari kwa kufunika injini kila nilipoiacha. Nikatoa waya wa hasi wa betri. Kwenye kipande cha boksi nilichora umbo la kava na kuchomeka kila bolti mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu si zote zinazolingana urefu, na bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi ama haikazi kava ama hupasua alumini.

Kava haikutaka kutoka. Kwa kawaida, bolti zikishaondolewa, gasketi ya raba huachia kwa kugongwa kidogo ubavuni kwa nyundo ya mpira. Hii ilikuwa imegandishwa. Kishawishi kikubwa wakati huo ni kuingiza bisibisi kwenye mshono na kuinua, na ndiyo njia ya haraka ya kukwaruza uso ambao gasketi inategemea kukalia. Niliweka kipande cha mbao kwenye pembe na kugonga pole pole, upande huu na upande ule, kwa muda uliomtosha shemeji kumaliza chai na chapati mbili.

Ilipoinuka, tuliona utepe wa silikoni nyekundu umezunguka ukingo wote. Fundi aliyetangulia alikuwa amepaka silikoni juu ya gasketi ya raba kuanzia mwanzo hadi mwisho, pengine kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba ulinzi wa mara mbili ni bora kuliko mmoja. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Gasketi hii hukaa ndani ya mfereji mdogo kwenye kava na huziba kwa kubanwa ikiwa imeshikwa na kuta za mfereji huo. Silikoni mbichi iliyopakwa humo ni kama sabuni, hivyo bolti zilipokazwa raba iliteleza. Kwenye kona ya nyuma, pale pale ulipoanzia mstari wa poda, ilikuwa imetoka nje ya mfereji kwa upana wa vidole viwili na kukandamizwa bapa kati ya chuma na chuma. Nilipoivuta ilikatika vipande kama tambi kavu. Raba ya miezi saba haikupaswa kuwa hivyo, na nadhani haikuwa ya daraja la kuhimili joto la injini.

Silikoni iliyominywa kuelekea ndani ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko uvujaji wenyewe. Nyuzi zake zilikuwa zinaning'inia juu ya kemshafti, na mbili zilikuwa zimekatika, hazionekani zilipo. Uzi kama huo ukifika kwenye chujio la sampu hupunguza njia ya oili kwenda kwenye pampu, na injini hii ina pia chujio dogo linalolinda vali ya oili ya VVT-i (mfumo wa kurekebisha wakati wa kufunguka kwa vali), ambalo halihitaji takataka nyingi ili kuziba. Niliokota kwa kibanio kila nilichokiona. Zile mbili sikuzipata, na hiyo ndiyo sababu oili na filta vilibadilishwa siku hiyo hiyo bila kujali kilomita zilizobaki.

Usafishaji ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote. Nilitumia kadi ya plastiki ya zamani kukwangua, kamwe si msasa, kwa sababu punje za msasa zikiangukia ndani ya injini haziokoteki. Kava yenyewe niliiosha kwa mafuta ya taa na kuiacha imesimama wima juani kwa saa nzima: upande wake wa ndani una bati la kuzuia oili isirukie kwenye njia ya hewa, na nyuma ya bati hilo hubaki mafuta ya taa ambayo, yasipochuruzika yote, huishia kwenye oili mpya. Gasketi mpya iliingia kwenye mfereji ikiwa kavu. Niligeuza kava juu chini na kuitikisa kidogo, haikudondoka. Silikoni niliweka sehemu mbili tu, kila moja kiasi cha punje ya kunde, pale ambapo kifuniko cha cheni kinakutana na silinda hedi, kwa sababu hapo pana mshono wa vipande viwili vya chuma ambao raba peke yake haiwezi kuufuata. Toyota huelekeza kava ifungwe ndani ya dakika 3 baada ya kuipaka, kabla haijashika ngozi.

Bolti hizi zinataka nguvu ya Nm (nyutoni mita) 10 peke yake. Wengi hawaamini jinsi ilivyo ndogo. Ni sawa na kutundika mfuko wa unga wa kilo 5 kwenye ncha ya racheti yenye urefu wa sentimita 20, na mkono wa mtu mzima aliyezoea kukaza nati za tairi huvuka kiwango hicho bila kujua. Kukaza kupita hapo hupinda kava, huibana raba hadi ikatoka mahali pake, na mwishowe huchuna nyuzi za alumini. Sikuwa na spana ya kupimia nguvu, kwa hiyo nilitumia mizani ya mkononi ya kupimia mabegi ya safari: niliifunga kwenye racheti sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, nikavuta kwa pembe mraba hadi iliposoma kilo 5. Nilianza bolti za katikati kuelekea nje kwa msalaba, mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili nusu ya nguvu, wa tatu kamili. Shemeji alidhani natania.

Tuliacha silikoni ishike hadi alasiri, zaidi ya saa 2 zinazotakiwa kabla ya kuwasha. Injini ilipowaka, taa ya injini ikawaka nayo, na kutetemeka kukawa kubaya kuliko kwa mwanzo. Kosa lilikuwa langu. Soketi ya koili ya pili, ambayo plastiki yake ilikuwa imekaushwa na joto, ilivunjika ulimi wa kufungia nilipoichomoa, nami niliirudisha bila kuhakikisha kwamba imeshika. Kwa vile ilikuwa silinda ile ile iliyokuwa na oili, nilipoteza nusu saa nikiilaumu raba ya koili iliyovimba, wakati waya ulikuwa unaning'inia. Niliifunga kwa kamba ya plastiki ya kubania nyaya na injini ikatulia. Koili hiyo hata hivyo ilibadilishwa wiki iliyofuata, kwani raba iliyokwisha kulainishwa na oili hairudi kuwa ngumu.

Fundi wa gereji, alipopelekewa habari, alishauri bolti zirudiwe kukazwa baada ya wiki moja. Kwa gasketi za zamani za koki (gamba laini la mti) ushauri huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa koki hunywea. Kwa raba iliyokaa ndani ya mfereji sioni sababu ya kuigusa, na hatukuigusa.

Poda ya mtoto ilipulizwa tena mara mbili, baada ya wiki moja na baada ya wiki tatu. Kona ya nyuma na mshono wa gia boksi vilibaki vyeupe mara zote mbili, tundu la plagi ya pili lilikuwa kavu, na oili kwenye kijiti haikuwa imeshuka kwa kiasi cha kuonekana. Palibaki unyevu mwembamba kwenye mshono wa chini wa kifuniko cha cheni, ambao mwanzoni ulikuwa umefichwa na uchafu wa kule juu. Hautoi tone, na kuufuata kunahitaji injini ifunguliwe upande mzima, kwa hiyo tumeuacha kama ulivyo. Kila Jumamosi usiku shemeji anatandika boksi chini ya gari, na asubuhi analikagua kabla ya kunywa chai.